Chewa wa Marehemu Hamood

Katika matanga ya Hamood, nyumba nzima huko Al Hail ilikuwa ikizungumzia samaki. Wanaume sebuleni, wanawake vyumba vya ndani, hata vijana waliokuwa wakipitisha kahawa na halua, kila mmoja alikuwa na kisa chake cha chewa aliyevuliwa na marehemu. Mmoja alikumbuka chewa aliyejaa karai zima. Mwengine akaapa kwamba yule aliyeletewa yeye hakuingia kwenye friza mpaka alipokatwa mkia. Hamood alikuwa amefanya kazi serikalini mpaka akastaafu, amelea watoto, amehiji, lakini hayo hayakupata msemaji. Watu walikuja kumlilia mvuvi.

Khawla, mjane wake, alikaa kwenye kona ya chumba cha wanawake akisikiliza. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mkimya mbele za watu, mwenye vidole vya mshona kofia, maana ndiyo kazi aliyoifanya tangu usichana wake. Kila kisa kilichosimuliwa alikijua, kwa sababu alikuwepo. Alikuwepo zaidi ya walivyodhani. Chewa wale, wakubwa kwa wadogo, wa kwenye picha na wa kwenye sahani za watu, aliwavua yeye.

Ndiyo, yeye. Si kwamba alimsaidia mumewe, wala si kwamba alimtilia dua akiwa amekaa na chupa ya chai. Aliwavua kwa mkono wake, na Hamood alikuwa nyuma kwenye mashine, anaendesha.

Na haki ya Hamood apewe pia: kwa kuendesha boti alikuwa hana mfano. Kuvua chewa kwa chambo cha mpira si kutia nanga na kulala. Boti lazima ikae juu ya jabali la chini ya bahari, na maji hayataki ikae. Upepo unaivutia huku, mkondo unaivutia kule, na mtu wa mashine kazi yake ni kubembeleza usukani, gia mbele kidogo, gia nyuma kidogo, ili mshipi ushuke wima. Hamood aliiweza kazi hiyo kiasi kwamba mtu angedhani boti imepigiliwa misumari. Lakini ukimpa fimbo ya kuvulia, basi tena. Alikuwa na papara. Alivuta kila alipoguswa, alivuta hata asipoguswa, akapandisha chambo kilichokatwa mkia na kuwalaani samaki.

Khawla hakuwa na papara. Vile vyambo ni visamaki laini vya mpira, vina mkia bapa, na kichwani vimevikwa risasi yenye ndoana. Aliviacha vishuke mpaka vigote chini, akavinyanyua kwa kadiri ya mkono mmoja, kisha akavirudisha taratibu na mshipi umekazika, mkia unapepea wenyewe. Chewa hachukui chambo kinapopanda. Anakivuta mdomoni kinaposhuka, na anayeshika fimbo hasikii kitu ila uzito kidogo, kama mtu kamkanyagia ncha ya kanga. Hapo ndipo pa kuvuta, kwa nguvu zote, kabla mwenyewe hajarudi pangoni kwake. Vidole vilivyozoea uzi wa kofia viliusikia uzito ule kila mara.

Sasa mtu atauliza, ilikuwaje sifa zikaenda kwa mwengine? Zilikwenda kirahisi sana. Chewa wa kwanza mkubwa waliporudi naye pwani ya Seeb, wavuvi waliizunguka boti wakauliza ni nani aliyemtoa mnyama huyu. Hamood akacheka, akasema, "Nani tena?" Khawla alikuwa anakusanya vikombe, mtandio wake kauvuta mpaka usoni. Aliona vibaya kumsahihisha mumewe mbele ya wanaume wasiomhusu. Katika nyumba aliyolelewa yeye, mke anamsitiri mumewe, na kama mume ana upungufu, upungufu ule unakaa ndani na mlango unafungwa. Basi akanyamaza. Safari ya pili akanyamaza tena, na safari ya tatu hapakuwa tena na aliyeuliza.

Nyumbani, wakiwa wawili, Hamood alikuwa akimwambia, "Mkono wako una baraka, Khawla." Alikuwa akimletea vyambo vipya kila alipopita mjini Ruwi, akimchagulia rangi. Alimpenda, hilo halina ubishi. Lakini nje ya mlango picha zilikuwa za Hamood na chewa, kundi la wasap la ukoo lilikuwa la Hamood na chewa, na harusini watu walimtengea nafasi ya mbele ili awasimulie alivyopambana na chewa. Alisimulia vizuri. Mara nyengine Khawla alikuwa upande wa wanawake akisikia sauti yake kwenye spika, anaeleza jinsi alivyosikia uzito mdogo, jinsi alivyosubiri, na maneno yote yalikuwa ni ya mkewe.

Kwa hiyo pale kwenye matanga, wanawake walipomgeukia na kumuuliza, alikuwa na jibu la miaka yote. Alilia, akapangusa pua, akasema, "Ee, alikuwa na mkono, Mungu amrehemu. Kila chewa mliyemla nyumba hii, wake huyo." Mkamwanawe Bashayer, aliyekaa karibu yake, akamshika bega naye akalia. Khawla alimpa marehemu zawadi ya mwisho, na wakati ule hakuona kwamba imemgharimu kitu.

Akaingia eda. Eda ina heshima yake na ina uzito wake. Mjane hatoki, hajipambi, hajitii manukato, anakaa ndani na kumbukumbu zake. Khawla aliikaa bila ya kunung'unika. Alimlilia mumewe kwa dhati, usiku na mchana. Lakini joto lilipovunjika na asubuhi zikaanza kuwa na ubaridi, alijua chewa wamekaribia majabali, na kitu kilianza kumkereketa ambacho aliona haya kukitaja. Alitaka kurudi botini. Hakutaka kingine chochote katika mirathi, si gari, si shamba la Barka. Alitaka asubuhi moja ya Ijumaa, fimbo mkononi, na jabali chini yake.

Shemegi yake Samir, mdogo wake Hamood, alikuwa na mipango mingine. Samir alikuwa msimamizi wa ghala huko Rusayl, mtu mkarimu, mwenye sauti kubwa, anayependa kubeba mizigo ya watu hata wasipomwomba. Siku moja alimtuma Bashayer stoo akachukue kopo la vyambo.

Khawla aliliona linapita. "Hilo linakwenda wapi?"

"Ami Samir kalitaka, mama. Kasema vitu vya baba visilale vikaharibika. Ijumaa wanakwenda na Muatasim."

Muatasim ndiye mwanawe, mume wa Bashayer, anafanya kazi benki hapo Ruwi. Khawla angesema nini? Kwamba kopo lile ni lake? Kwamba vyambo vile alivitunza kwa mikono yake, vilivyochanika akaviunga kwa kisu kilichopashwa moto jikoni, vilivyopinda mkia akavitia katika maji ya moto vikanyooka, kwa sababu mkia uliopinda hauogelei na chewa hadanganyiki? Aliyasema yote hayo moyoni, na Bashayer akatoka na kopo.

Walikwenda Ijumaa ile, na ya pili yake, na nyengine tena. Walirudi na changu wawili watatu na jua limewaunguza pua. Samir akaja kumpa habari mlangoni, amesimama nje kwa adabu.

"Shemegi, bahari imelala. Samaki wamemfuata mwenyewe, wallahi. Hamood kaondoka nao."

"Mnashusha mpaka chini?" Khawla akauliza kutoka ndani.

Samir alicheka kwa upole, vile mtu anavyomchekea mtoto aliyeuliza mwezi unalala wapi. "Tunashusha, shemegi, tunashusha. Wewe tulia na eda yako, usijisumbue na mambo haya."

Alipotoka eda, akaoga, akavaa, akaenda kwa Samir kulitaka kopo. Samir alilitafuta ndani ya gari lake, nyuma, chini ya makaratasi na viatu. Lilikuwa limekaa humo kwenye jua la Rusayl tangu safari yao ya mwisho, kutwa nzima kila siku, vioo vimefungwa. Khawla alipofungua kifuniko alikuta donge moja la rangi ya matope. Vyekundu, vya kijani, vyeupe, vyote vilikuwa vimeyeyuka vikashikana. Alichomoa ndoana moja, ikaja na utelezi wa mpira.

"Pole," Samir akasema. "Nlitaka viwe ukumbusho. Mimi huo mpira sikujua kama unayeyuka."

Khawla alisema si kitu. Alikuwa na hasira, na akasema si kitu. Mtu akikaa na sitara miaka mingi namna ile, ulimi unazoea.

Lakini safari hii hakuishia hapo. Alikwenda mwenyewe Ruwi, kwenye duka la vifaa vya uvuvi nyuma ya stendi ya mabasi, akanunua vyambo vipya, na mshipi wa kusokota. Muuzaji akamuuliza kama anamnunulia mwanawe. Jioni ile alimsubiri Muatasim arudi kazini.

"Nnataka unipeleke baharini Ijumaa."

Muatasim aliweka funguo za gari mezani. "Wewe, mama? Kufanya nini?"

"Kuvua."

Alimtazama mama yake, akamtazama na mkewe, na Bashayer akamwashiria kwa macho, mpeleke, maskini, anataka kukaa pale alipokuwa akikaa na mumewe. Muatasim akalainika. "Khalas, mama, twende. Utapunga upepo."

Wakaondoka alfajiri ya Ijumaa, wawili tu. Muatasim alikuwa na alama ya jabali kwenye simu yake, akaifuata mpaka wakafika, kisha akazima mashine akajinyoosha.

"Washa," Khawla akamwambia.

"Tumeshafika, mama."

"Tumefika na tunaondoka, huoni? Washa, elekeza uso wa boti kwenye upepo. Gia kidogo. Usiikimbize, ishikilie tu. Mshipi wangu ukilala, umeshaniharibia."

Sauti ile Muatasim hakuwahi kuisikia kwa mama yake. Akawasha. Mwanzo aliikosea, boti ikazunguka, mshipi ukakwenda upande, na Khawla akamkaripia kama anavyomkaripia mtu aliyeunguza mchele. Kidogo kidogo kijana akashika. Khawla alishusha, akagota, akanyanyua, akarudisha. Alisimama miguu imepanuka, mtandio kaukunja shingoni, macho hayaangalii kitu. Muatasim alikuwa anataka kumuuliza kama amechoka ndipo mama yake alipovuta.

Fimbo ilipinda mpaka ikagusa ukingo. Muatasim akaruka kuja kumpokea.

"Kaa kwenye mashine!" Khawla akapiga kelele. "Itoe boti kwenye jabali! Itoe!"

Akaitoa. Samaki akatolewa pangoni nusu kwa mkono wa mama na nusu kwa mashine, kama inavyotakiwa, na baada ya vuta nikuvute ambayo ilimfanya Khawla kucheka kwa sauti, akaelea juu mdomo wazi, mwili umejaa mabaka ya kahawia, mnene mpaka Muatasim akatumia mikono miwili na goti kumwingiza ndani.

Kijana akakaa chini, anahema. "Mama. Umejifunza wapi haya?"

"Nani unadhani alikuwa akiwavua?"

Muatasim akamtazama samaki, kisha akamtazama mama yake. Boti ilianza kuondoka na maji na safari hii hakuna aliyeijali. "Baba…"

"Baba yako alikuwa pale ulipo wewe. Na hakuna aliyeweza kukaa pale kama yeye. Lakini huu," akanyanyua mkono wake, wenye mstari mwekundu wa mshipi, "huu ndio mkono uliokulisha chewa tangu huna meno."

Akasema hivyo akacheka, na mwanawe akacheka naye, akamshika mkono ule akaubusu. Khawla aliona amezaliwa upya. Tangu Hamood afe hakuwahi kuwa na furaha hata ya kijiko, na sasa imemjia ya kumwagika. Mtu mmoja duniani amejua, na mtu mwenyewe ni mwanawe.

Walirudi pwani kabla ya sala ya Ijumaa. Wavuvi walimwona samaki kabla boti haijagusa mchanga.

"Damu ya Hamood hiyo!" mmoja akapaza sauti. "Mkono wa baba ule ule! Muatasim, wewe umetuficha!"

Wakamtoa chewa wakampa amshike. Muatasim alimgeukia mama yake mara moja, haraka. Khawla alikuwa amesimama ndani ya boti, mtandio uko shingoni bado, hakuuvuta usoni. Alikuwa anangoja. Simu zilikwishanyanyuliwa. Muatasim akamwinua samaki kifuani, akatabasamu, akasema, "Dua ya mzee tu, jamani."

Njiani Muatasim aliwasha redio. Khawla alitazama dirishani na alijiambia kwamba pale palikuwa na watu wa mbali, si mahala pake, nyumbani kijana atasema. Alimtafutia mwanawe udhuru mpaka wakafika mlangoni, kama alivyomtafutia baba yake.

Kwa ada ya nyumba ile, Ijumaa ukoo wote hula pamoja, na chewa akiwepo, kichwa huwekwa mbele ya aliyemvua. Bashayer alimpika wa nazi. Samir, aliyekwisha kuiona picha kwenye wasap na kuijibu kwa dua na machozi, alilichukua sinia kwa mikono yake, akaligeuza mpaka kichwa kikamwelekea Muatasim.

"Kula, mwanangu. Leo kaka yangu kafufuka."

Watu wakaitikia. Muatasim akakitazama kichwa. Khawla akamtazama Muatasim. Alimpa muda wa kutosha, muda ambao mtu mwenye ulimi angesema maneno manne. Muatasim akanyoosha mkono akamega shavu la samaki.

"Kichwa hicho changu," Khawla akasema.

Mikono ikasimama juu ya sinia.

"Samaki huyo nimemvua mimi. Na wale wengine wote, wa miaka yote, nliwavua mimi. Hamood alikuwa akiendesha boti. Hajapata kuvua chewa hata mmoja."

Mtu angetaraji kelele. Hapakuwa na kelele. Palikuwa na huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Samir aliweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga. Bashayer akasogea, akamshika Khawla bega, pale pale alipomshika siku ile ya matanga.

"Mama," akasema polepole, "si wewe mwenyewe ulotwambia matangani? Kila chewa wake. Mbele ya watu wote ulisema. Umechoka, mama. Umemkumbuka."

"Nlimsitiri. Sasa nasema kweli. Muulizeni Muatasim, alikuwa na mimi botini leo asubuhi."

Wote wakamgeukia Muatasim. Kijana alikuwa na tonge mkononi. Lilikuwa jambo dogo sana kuulizwa, ndiyo au siyo. Akalitazama tonge, akatazama picha ya baba yake ukutani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama alikuwepo. Alishika fimbo kidogo."

"Basi, basi," Samir akasema. "Mwacheni. Hicho ni kilio, watu hulia kwa namna nyingi. Shemegi, kula." Na kwa wema wake wote akamega kipande cha mgongo, akakiweka upande wa Khawla.

Wiki ile ile walikutana bila yake. Walikubaliana kwamba bahari inamtia mama majonzi, na mtu wa majonzi huondolewa kinachomkumbusha. Khawla alitoka nje asubuhi akakuta tela la boti halipo uani, na mafuta meusi ya mashine yamebaki sakafuni.

Muatasim alikuja jioni peke yake. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Boti tumeitoa, mama. Ami Samir kampa rafiki yake wa Quriyat. Tumeona bora kwako."

"Mmeona."

"Mama, mimi najua. Wallahi najua. Lakini ningesema nini mbele yao? Baba yuko kaburini. Sina uso wa kumvua nguo baba yangu, na yeye hawezi hata kujitetea."

"Yeye yuko kaburini," Khawla akasema. "Mimi je, niko wapi?"

Khawla hakumngoja ajibu. Alichukua kofia aliyokuwa akiishona, akatafuta tundu alipoishia, akaendelea. Mwanawe alikaa mpaka kukawa giza, kisha akainuka, akambusu kichwani, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata Bashayer alinunua chewa sokoni, wa barafu, nyama yake imelegea. Walikula. Samir alisema hana ladha, na wote wakakubali kwamba hana ladha, na kwamba tangu Hamood aondoke nyumba ile haijala chewa wa maana isipokuwa yule mmoja wa mwanawe. Samir akanyanyua mikono akamwombea kaka yake rehema na pepo kwa kila samaki aliyewalisha. Wakaitikia amin, wakubwa kwa watoto. Khawla hakuitikia, na hakuna aliyegundua.